Namfunga mwanangu kwa kanga

Assalaam alaykum Bi Mkubwa,

Nakuandikia saa nane za usiku, nimekaa sakafuni nimeegemea mlango. Nalala hapa kila siku. Komeo la mti mwanangu keshajua kulifungua, basi mgongo wangu ndio komeo.

Nina watoto watatu, nakaa kijiji kimoja si mbali na Wete. Wa kwanza msichana, miaka 11. Wa mwisho naye msichana, mwaka na miezi miwili. Ninayetaka kukueleza habari zake ni wa kati, mvulana, anakaribia miaka saba. Hasemi. Au niseme anasema, ila hasemi na mtu. Akiwa peke yake utamsikia: "Wete Wete Wete, twende, mmoja mmoja!" Sauti ile ile ya konda wa gari, mpaka na kikohozi chake. Lakini akitaka maji hasemi maji. Hunishika kiganja akakipeleka mtungini, kama kwamba mkono wangu ndio kata. Anakula wali mweupe, boflo na maziwa, basi. Mchuzi ukigusa wali, hata tone, sahani inakwenda ukutani.

Mwaka juzi tulimpeleka Unguja. Boti ilipopiga honi pale Mkoani alijitupa chini akaziba masikio, watu wakasema mtoto kapagawa. Spitali tulikaa foleni tokea asubuhi. Daktari alimtazama kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, akatwambia ana usonji (autism), hauna dawa, turudi baada ya miezi sita. Hatukurudi. Nauli ya watu watatu kwenda na kurudi, na pa kulala, kwa mvuvi si jambo dogo.

Mume wangu si mtu mbaya. Huenda dago, kambi ya wavuvi, wiki tatu, mara nyingine mwezi. Zamani akirudi alikuwa akimchukua mwanawe msikitini. Ijumaa moja watu wako kwenye sijda, mtoto akapita mbele ya safu, akaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti akakizima. Wenzake walicheka baadaye. Yeye hakucheka. Tokea siku ile hajatoka naye, hata dukani.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, tunakaa naye ua mmoja. Anasema mtoto kabadilishwa, kwa kuwa nilikuwa nakwenda kisimani magharibi na mimba yangu. Siku nyingine anasema ni mimi na simu yangu, sikumsemesha alipokuwa mchanga. Jirani naye anasema ni ile sindano ya surua. Pensheni ya wazee anayopata mavyaa haikai wiki, inakwenda kwa waganga. Makombe amekunywa sana. Mwezi uliopita mganga mmoja akaagiza afukizwe, wakamfinika shuka na chetezo ndani. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikaingia nikamtoa. Tokea hapo mavyaa hanisemeshi ila salamu.

Sasa linalonitia haya. Mwanangu hukimbia, na hakimbii ovyo, hukimbilia maji. Mara mbili tumemtoa pwani maji yamemfika kifuani. Mara moja tulimkuta amekaa ukingoni mwa kisima, anatupa vijiwe, anasikiliza. Ilikuwa wakati wa mchumo, na mimi nimepata kazi ya kuchambua karafuu kwa mwenye shamba. Siku ya pili yake nilichukua kanga yangu nikamfunga mguu kwenye tendegu la kitanda. Nikamwachia fumba la makonyo, vile vijiti vya karafuu, maana anapenda kuyapanga mstari, moja baada ya jingine, kutoka kitandani mpaka nje. Niliporudi nilikuta ameyapanga nusu duara, pale pale kanga ilipomwishia. Hakuwa amelia, uso mkavu. Hilo ndilo linaloniuma, Bi Mkubwa, kwamba hakulia.

Nimemfunga mara nyingi tokea hapo. Siku nisizomfunga ni zile anazokaa naye dada yake, na huyo naye ndio hukosa chuo cha Qur'ani siku mbili tatu kila wiki. Skuli mwalimu mkuu alitwambia tumlete akishajua kusema. Harusi ya mdogo wangu wa tumbo moja sikwenda. Ilikuwa nyumba ya sita kutoka kwetu, ngoma nimeisikia nimekaa jikoni.

Dada yangu aliyeko Dar anasema nimpe mtoto, atamtafutia skuli ya bweni ya watoto wa aina hii na ada atalipa yeye. Mume wangu amekubali kabla sijamaliza kumweleza. Na huyu mdogo siku nyingine nikimwita hageuki, nami moyo unaniruka.

Niambie. Namdhulumu mwanangu? Nimtoe aende? Au iko njia ya nyumba kama yangu kukaa ikawa nyumba?

Mama wa Watatu, Pemba

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kutia nazi chunguni, nikarudi kuisoma tena. Sitakuweka roho juu kwa swali la kwanza. Kumfunga ni kosa na inakubidi uache, kuanzia wiki hii. Moto ukitokea hana pa kukimbilia. Kanga inayofunga mguu leo, kesho akijizungusha itafika shingoni. Na kuhusu kutolia kwake, usiseme amezoea. Watoto wengi wenye usonji hawaoneshi maumivu kwa njia tuliyoizoea sisi. Huenda ule mstari wa makonyo uliokatika nusu duara ndio ulikuwa kilio chenyewe, na wewe mama yake umekisoma vizuri kuliko daktari wa kikombe cha kahawa.

Lakini sikuoni kuwa dhalimu. Namwona mtu aliyekuwa na mtoto anayekimbilia kisima, kazi ya kibarua, na hakuna hata mmoja wa kumwambia "nishikie". Tumefundishwa mfunge ngamia kisha utawakali. Ngamia, mwanangu. Basi akili hiyo hiyo ya kufunga tuielekeze kwenye vitu vingine.

Kwanza kisima. Kama ni cha watu wote, nenda kwa sheha kaombe kiwekwe mfuniko mzito wenye kufuli au kitasa, na useme wazi kwamba mtoto ameshakutwa pale. Sheha atakuwa na kazi ngumu kukataa baada ya hapo. Mlango wako uwekwe komeo la pili juu kabisa, mkono wake usipofika lakini wako unafika haraka, na utundike njuga, zile za kuchezea ngoma. Zitakuamsha, na mgongo wako utarudi kitandani. Ndani ya kola za mashati yake andika namba yako ya simu kwa kalamu isiyofutika. Kisha zunguka naye, yeye mwenyewe mkononi: kwa wavuvi wa diko lenu, kwa mwenye duka, kwa makonda wa stendi, kwa watoto wa chuoni. Sema maneno machache tu: "Huyu wangu hasemi na anapenda maji. Ukimwona peke yake usimfokee, mshike mkono mniletee." Najua utaona haya. Lakini kijiji kizima kinajua tayari, hakijui tu la kufanya.

Jambo la maji usilichukulie kuwa tabia ya mwanao peke yake. Watoto wenye usonji kuvutwa na maji ni jambo linalojulikana, na Marekani, walikofuatilia vifo vya watoto hao wanaotoroka nyumbani, wengi wao wamekutwa wamezama. Sisi tuko kisiwani, kila upande bahari. Kwa hiyo komeo halitoshi, inabidi mtoto ajue kuogelea. Na hapa nataka kuzungumza na mume wako. Baba, wewe ni mvuvi. Mungu amekupa mtoto anayependa maji kuliko kitu chochote, na mpaka leo hakuna aliyemfundisha kuogelea? Mchukue alfajiri, pwani haina watu, mahali pale pale kila siku, mfanye mambo kwa mpango ule ule: kuvua shati, miguu, magoti, kifua, kutoka, kunywa maziwa, kurudi nyumbani. Ukibadilisha mpango atagoma, ukiufuata atakusubiri mlangoni. Akijua kuogelea bado atahitaji kuangaliwa, asikudanganye mtu. Lakini atakuwa na dakika za kuwasubiri, ambazo sasa hana.

Na lile la msikitini. Nimecheka, nisamehe, na nikimaliza nikamwonea huruma mtoto. Alichokuwa akitafuta ni swichi. Masikio ya watoto hawa huweza kuumizwa na sauti ambayo yetu yanaistahimili. Honi ya boti ilimwangusha chini, na kipaza sauti kilichofungwa mpaka mwisho kwenye chumba kidogo kilikuwa kinamuumiza vivyo hivyo. Akaangalia sauti inatoka wapi, akaenda, akakizima, akamaliza tatizo lake. Mtoto anayeambiwa hana akili ndiye aliyefikiri hayo, na watu wazima wote wako chini hawajui kinachoendelea. Baba, zungumza na imamu. Mpeleke baina ya sala, msikiti mtupu, azoee mkeka na ukuta. Ijumaa isubiri.

Haya ya mimba na kisima magharibi, ya simu, ya sindano. Nitayapitia upesi kwa sababu hayastahili muda wako. Daktari Leo Kanner ndiye aliyeeleza hali hii mwaka 1943, akiwatazama watoto 11 huko Marekani, na kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari wakubwa wenye digrii zao walikuwa wakiwaambia akina mama: ni wewe, ulikuwa baridi, hukumpenda mtoto vya kutosha. Mavyaa wako hana jipya. Aliyesimama kuwapinga alikuwa mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Mwaka 1964 alitoa kitabu kuonesha kwamba asili yake imo ndani ya mwili na ubongo, malezi hayahusiki. Leo inajulikana kwamba sehemu kubwa ni ya kurithi, mtoto anazaliwa nayo. Habari ya sindano ya surua ilianza na makala ya Uingereza ya mwaka 1998, ambayo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010 na daktari aliyeiandika akanyang'anywa leseni. Huyu mdogo wako akifika miezi 18 mpeleke akachomwe ile ya pili. Surua inaua.

Tuje kwa mavyaa, maana hapo ndipo pana kazi, na ndipo penye mali yako pia, hata kama huioni. Usipigane naye juu ya kombe. Aya za Qur'ani zilizoandikwa kwa zafarani hazimdhuru mtoto, na bibi anayemwombea mjukuu wake dua ni bibi anayempenda. Moshi chini ya shuka ni habari nyingine. Unamuumiza kifua, na kibaya zaidi, mtoto asiyeweza kuuliza kwa nini atabaki na jambo moja tu kichwani: kwamba mkono wa bibi unampeleka penye moshi. Ulifanya vyema kuingia ukamtoa. Mwambie mumeo aseme yeye, maana ni mama yake: dua ndiyo, chetezo chini ya shuka hapana, kumpiga hapana, kumnyima chakula hapana. Hayo aseme mwana, mkwe anyamaze.

Halafu umpe mavyaa kazi. Umeandika kwamba mwanao hupanga makonyo. Bila shaka bibi yake amechambua karafuu tokea akiwa na kimo cha mjukuu huyo. Tandikeni jamvi uani baada ya alasiri, bibi akae chini hasa, macho yao yawe sawa, na rundo la karafuu na makonyo yake katikati. Asimwambie kitu. Achambue zake. Mtoto akianza mstari wake, bibi achukue konyo moja aliweke mwishoni mwa mstari, kisha angoje. Labda atalitupa. Kesho aliweke tena. Siku moja atamwachia, na siku nyingine atamtazama bibi kuona mbona hajaweka. Hapo bibi aseme neno moja: "Jengine." Na aweke. Basi. Unaona mchezo wa kijinga, lakini Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa wazazi na walezi wa watoto wenye matatizo ya ukuaji, vikao tisa vya kundi na ziara tatu za nyumbani, na kiini chake ni hicho nilichokueleza: ingia kwenye shughuli ya mtoto badala ya kumvuta aje kwenye yako, tumia maneno machache, ngoja, na ukifundisha jambo likate vipande vidogo. Hawakuyatunga kwa ajili ya madaktari. Walitaka mtu wa kawaida ayaweze, nyumbani, na kwa vitu vilivyomo nyumbani.

Kwa mtungi fanya hivyo hivyo. Akikushika kiganja usimpe maji papo hapo, wala usimnyime. Inua kata usawa wa uso wake, sema "maji", hesabu kimya mpaka tano. Akitoa sauti yoyote, akitazama, akigusa kata, mpe. Ipige picha kata kwa simu yako, ukachapishe, uibandike juu ya mtungi. Akijua kuigusa picha hiyo atakuwa amekwambia maji bila ya kuukopa mkono wako. Watu watasema picha zitamfanya mvivu wa kusema. Hazimfanyi. Na ile "Wete Wete Wete" yake usiidharau. Watoto wengi wenye usonji huokota lugha kwa vipande vizima kama walivyovisikia. Mkiwa mnatoka nyumbani sema kwa sauti ya konda, "twende, mmoja mmoja!" Utaona uso wake. Kwenye chakula sina ugomvi naye: mchuzi bakuli lake, wali sahani yake, visigusane. Ukishindana naye juu ya hilo sasa utapoteza siku nzima bure, wakati unahitaji nguvu kwengine.

Sasa mwenyewe. Umeniuliza kama nyumba yako inaweza kukaa ikawa nyumba. Watu wengi wakija kwenye nyumba yenye mtoto wa usonji huuliza jambo moja: anasema sasa? Wewe mwenyewe, na daktari, na mwalimu mkuu, wote mnapima kwa ulimi wa mtoto. Kule Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, wataalamu waliotaka kupima maisha ya familia zenye watoto wenye ulemavu walitunga maswali 25, na ukiyasoma utashangaa mtoto mwenyewe anachukua sehemu ndogo tu. Wanauliza watu wa nyumba hii wanasemezanaje. Watoto wote wanapata muda wa wazazi wao? Kuna mtu wa nje anayesaidia? Mnaweza kufika kwa daktari? Kila mmoja ana muda wa mambo yake? Jibu hayo kwa nyumba yako uone. Mume hatoki na mwanawe, mkwe na mavyaa wanasalimiana tu, binti hasomi, mama halali na hakwenda harusi ya mdogo wake. Katika hayo yote usonji umefanya lipi peke yake? Mengi yametokea kwa sababu mzigo mzima umekaa shingo moja, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ninayokuandikia ni usingizi wako. Mume akiwa nyumbani, usiku ni wake. Mgongo wake ndio uwe komeo, wewe ulale chumba cha mavyaa na mtoto mchanga. Akiwa dago, mavyaa au mdogo wako akae nawe usiku mbili kwa wiki. Mtoto naye umsaidie kulala: simu izimwe mapema, taa ipunguzwe, jioni iende kwa mpangilio mmoja, kuoga, maziwa, shuka ile ile. Watoto hawa kukosa usingizi ni jambo la kawaida, na kama mpangilio umeufuata wiki kadhaa bila ya faida, mwambie daktari, asikwambie ndivyo walivyo. Ukimwona anashikwa na kifafa, au anaganda macho yamekaza hasikii, hilo nalo halingoji miezi sita. Kifafa huandamana na usonji mara kwa mara na kina dawa.

Binti yako arudi chuoni. Wote mnamwona msaidizi mwema, mnamsifu, na yeye hatasema amechoka kwa kuwa keshaona mama yake amechoka zaidi. Miaka 11. Mpe saa moja kwa wiki peke yenu, mumeo au mavyaa awe na wengine, msukane nywele au mwende sokoni. Na mwache aseme akitaka kusema kwamba mdogo wake anamtia haya mbele ya wenzake. Usimkemee kwa hilo.

Mwalimu mkuu aliyesema mumlete akishajua kusema amekosea. Zanzibar ina elimu mjumuisho, na wizara ya elimu ina kitengo chake; kuzungumza si sharti la kuingia skuli. Chukua ile karatasi ya daktari, nenda ofisi ya elimu ya wilaya Wete, omba kwa maandishi apangiwe skuli yenye mwalimu aliyefundishwa kwa watoto hawa. Nenda na mtu, usiende peke yako, maana anayekwenda peke yake huambiwa njoo kesho. Ulizia pia ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili Zanzibar. Humo utakutana na akina mama waliokwishalala milangoni kabla yako, na wao watakwambia kwa robo saa mambo ambayo mimi sitayamaliza kwa kurasa kumi. Akipokewa skuli, aanze kwa saa moja au mbili kwa siku, kengele ikikaribia kulia mwalimu amtoe nje kwanza.

Huyu mdogo. Mtoto akiwa na ndugu mwenye usonji, uwezekano wa yeye kuwa nao ni karibu mmoja katika watano, kwa hiyo wasiwasi wako hauna ujinga ndani yake. Ila ukumbuke wanne waliobaki pia. Mtazame bila ya kumwita kila dakika. Anakuletea kitu ili ukione? Anakufuata kwa macho? Anacheka ukijificha nyuma ya kanga ukajitokeza? Kwa umri wake anatakiwa ageuke akiitwa, mara nyingi kama si zote, na akifika miezi 18 awe anaonesha vitu kwa kidole. Asipofanya, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kliniki bila ya kungoja mtu akwambie atakua. Na uombe wote wawili, yeye na kaka yake, wapimwe masikio. Hukuandika kwamba mvulana alipimwa. Hilo lilitakiwa kuwa la kwanza kabisa.

Nimeiacha Dar mwisho kwa kuwa nilitaka kwanza uone una nini mkononi. Jibu langu ni hapana, kwa sasa. Mtoto asiyeweza kusema nani kampiga, au nani kamgusa, hapelekwi bweni ambalo mama yake hajalitia mguu, tena ng'ambo ya bahari. Dada yako ana nia njema na pesa, na vyote viwili tunavihitaji. Mwambie ile ada aliyoitenga aigeuze: imlipe mama mmoja mzima wa hapo kijijini, mnayemwamini, akae na mtoto asubuhi zote za mchumo unapokuwa kazini. Kibarua hicho kianze kabla hujatoka tena kwenda shambani. Sehemu nyingine iwe nauli ya kurudi Unguja kwa daktari, na safari hii uende na maswali umeyaandika. Na likizo aje Pemba akae na mpwa wake wiki mbili, usiku awe zamu yeye. Akishamjua hivyo, tukifika miaka ya mbele tukazungumza tena habari ya skuli za mbali, nitamsikiliza.

Mumeo akirudi dago usimpokee na barua hii mlangoni. Mwache ale, alale, avushe siku. Kisha msomee, na uanze na ile sehemu ya kuogelea. Ya msikitini ifuate.

Bi Mkubwa